Kabla ya kuuliza bei ya futi, toa kiwanja

Shemeji yangu anayeishi Minneapolis anataka nyumba hapa Tabora, na kila nikimtumia picha ananirudishia swali lile lile: futi moja ya mraba inatoka shilingi ngapi? Huko Marekani nyumba hutangazwa na hesabu hiyo kabisa. Mthamini anapima kuta kwa nje, gereji anaiweka pembeni. Kwetu kiwanja tunakitaja kwa mita, vyumba tunavitaja kwa futi, na bei inakuja kwa mkupuo: "Milioni sitini, maongezi yapo." Hesabu utaifanya mwenyewe, na mimi siku hizi sikai na dalali kabla sijaifanya.

Kosa linaloharibu kila kitu ni kuchukua bei yote ukaigawa kwa ukubwa wa nyumba. Tuseme nyumba ina futi 40 kwa 30, yaani futi za mraba 1,200, na inauzwa milioni 60. Ukigawa unapata 50,000 kwa futi. Lakini ndani ya hizo milioni 60 kuna kiwanja. Kama kina mita za mraba 600 na viwanja vitupu vya mtaa huo vinakwenda 20,000 kwa mita, milioni 12 ni za ardhi. Ukuta wa uzio, kisima na banda la uani vikithaminiwa milioni 6, nyumba yenyewe imebaki na milioni 42. Hapo futi ni 35,000. Hizo namba ni za mfano tu, weka za mtaa wako.

Ndiyo maana hadithi za reli ya kisasa huwa nazihamishia kwenye kiwanja. Muuzaji atakuambia SGR inakuja na mji utapanda. Sawa, ardhi inaweza kupanda. Bati lililoshika kutu halipandi.

Kisha pima. Nenda na tepu ya fundi, usitegemee kauli ya mtu. Uliza zile futi 1,200 zimehesabiwaje, maana baraza la mbele la futi 20 kwa 6 likiwa limeingizwa humo, nyumba ni futi 1,080 na bei ya futi imeshafika karibu 38,900. Ukipima nyumba moja kwa nje na nyingine kwa jumla ya vyumba, umelinganisha vitu viwili tofauti. Kuta peke yake zinakula futi nyingi. Wale waliozoea mita wakumbuke mita moja ya mraba ni kama futi za mraba 10.76.

Sasa futi ya nini? Hapa ndipo mimi nakaa muda mrefu kuliko kwingine. Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa tofali mbichi, zikapigwa plasta ya saruji na rangi nzuri, na kwa nje huwezi kuzitofautisha na za bloku. Omba ngazi, fungua kitundu cha dari, panda na tochi. Plasta kwa kawaida haifiki kule juu, kwa hiyo tofali utaliona lilivyo. Ukiwa huko huko angalia kenchi, yaani mbao zinazobeba bati: vijia vya udongo vya mchwa vinapanda kwenye mbao, misumari imeliwa au la. Ukishuka, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyoachia inalia kama ndoo tupu. Na kama nyumba ipo kwenye udongo mweusi wa mbuga, fuata nyufa kwenye kona za madirisha. Ufa unaoshuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali una uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye msingi, na rangi haitauponya. Milango ya mninga, kwa upande mwingine, naiongezea thamani bila kusita.

Usilinganishe nyumba ndogo na kubwa kwa bei ya futi. Ya vyumba viwili na ya vyumba vinne zote zina jiko, na jiko na choo ndivyo vinavyokula pesa, kwa hiyo futi ya nyumba ndogo huwa ghali zaidi. Bei za kulinganishia zitafute kwa watu walionunua, au kwa mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mauziano. Bei ya mdomoni mwa dalali mara nyingi ina cha juu. Kipimo kingine ni fundi: muulize leo kujenga nyumba kama ile kwa vifaa vile ni kiasi gani kwa futi, kisha punguza uchakavu. Ikiwa nyumba ya miaka ishirini inauzwa kwa bei ya mpya, unayo hoja ya mezani.

Karatasi nazo zina bei. Futi yenye hati haiwezi kulingana na futi yenye maandishi ya serikali ya mtaa pekee. Kama hati ipo, soma muda wake, wa miaka 33, 66 au 99, umebaki kiasi gani, na ufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone nani ameandikwa kuwa mmiliki. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi, hivyo muuzaji akija peke yake muulize mama yuko wapi. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Huo, pamoja na udalali, muandike kwenye mkataba nani analipa kabla pesa haijatoka benki.