Utoto wa Catford, Kiswahili cha Jikoni: Kwa Wanaotaka Kuwaandikia Wajukuu

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Muheza. Ameanza kwa shikamoo, akaniambia amekisoma kijitabu changu cha kumbukumbu za utotoni mpaka usiku wa manane, kisha akauliza: "Bibi, na mimi nataka kuwaandikia wajukuu zangu, lakini maisha yangu hayana kisa. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Swali hili nimeulizwa na wengi tangu kijitabu kitoke, na kwa kuwa najua kila anayenisoma hapa ana daftari alilolificha mahali likisubiri siku yake, nitajibu hadharani.

Anzia jikoni. Usianze na "nilizaliwa mwaka fulani". Wajukuu wataruka ukurasa huo.

Jiko letu lilikuwa ghorofani katika nyumba ya watu, Catford, kusini-mashariki mwa London. Baba alikuwa baharia wa Tanga, vita vikuu amevimaliza kwenye meli za mizigo, halafu akapata kazi ya reli Uingereza na kutuita mimi na mama. Tulifika mwanzoni mwa 1954, mimi mtoto wa miaka minne. Hitler alikuwa amekwisha kushindwa miaka tisa nyuma, lakini nyama ilikuwa bado ya mgawo. Waliiachia Julai mwaka uleule. Mwenye nyumba wetu alikuwa mjane wa Kiingereza. Alikaa chini, sisi juu, na mama akampa jina la Mama wa Chini, hatukumwita vingine mpaka siku tulipomzika. Kitabu chake cha mgawo alikiweka kwenye droo ya visu hata baada ya mgawo kufutwa, kwa sababu hakuamini kwamba umekwisha kweli.

Gesi ya kupikia ilinunuliwa kwa shilingi. Chini ya ngazi palikuwa na mita. Unapachika sarafu kwenye tundu, unazungusha kipini, unaisikia ikidondoka ndani, ndipo moto unarudi. Shilingi ikiisha jiko linazimika papo hapo, wali uko nusu. Mama alikuwa akipiga ukelele mmoja tu, "Shilingi!", nami nateremka mbio, na nikimaliza kuzungusha kipini nasikia huko juu njiti ya kiberiti ikiwashwa. Wali wenyewe ulikuwa wa mchele mfupi wa duara ambao Waingereza huupika na maziwa na sukari. Nazi hakuna. Mama aliona dukani pakiti za nazi kavu iliyokunwa, ya kutia kwenye keki, akailoweka kwa maji ya moto na kuikamua kwa kipande cha kanga iliyochakaa. Lilitoka tui jepesi, lakini tui. Jumapili Mama wa Chini alisimama mlango wa jikoni akinusa, mpaka siku moja mama akampakulia. Akala na kijiko cha chai, polepole, akarudisha sahani imeoshwa na kufutwa.

Niliposoma ukurasa huo kwenye harusi ya mpwa wangu Tanga, watu wazima walilia. Nasema hivi kwa fahari, sitaificha. Ukurasa huo hauna vita, hauna malkia, hauna mtu mashuhuri. Una mita ya gesi na nazi kavu.

Kwa hiyo andika vitu. Andika kilinunuliwaje, kilishikwaje, kilinukaje.

Na ukiandika vitu, vitakupeleka mbali kuliko ulivyodhani. Chukua majarini. Mezani kwa Mama wa Chini ilipakwa kwenye mkate kwa ncha ya kisu, nyembamba mpaka mkate unaonekana, kwa sababu Waingereza walikuwa wamebanwa na uhaba wa mafuta tangu wakati wa vita. Ni uhaba huohuo uliowafanya waje kufyeka pori Kongwa na Nachingwea kuanzia 1947 ili wapande karanga za kukamuliwa mafuta kwa ajili ya jikoni zao. Ule mradi ulimeza zaidi ya pauni milioni 30 na kufa 1951, mvua ikikataa na udongo ukikauka ukawa mgumu kuliko majembe yao. Mjomba wangu alikuwa kibarua Kongwa. Mimi nikakulia kwenye mtaa uliokuwa umesubiri mafuta ya karanga zake, ambayo hayakufika. Nilipoliona hilo, ilinibidi niandike upya sura nzima, kwa sababu nilitambua kwamba Catford na Tanganyika zilikuwa zimeshikana kabla sisi hatujapanda meli.

Pili, andika mliyoyaogopa.

Mitaa ile ilikuwa na mapengo. Unapita nyumba, nyumba, halafu uwanja wenye magugu na matofali, ambapo nyumba zilichukuliwa na bomu. Sisi watoto tuliuona ni uwanja wa kuchezea, na hakuna uwanja mzuri kama ule. Lakini Mama wa Chini tukipita barabara ya Sandhurst hunishika mkono kwa nguvu mpaka tumevuka. Shule ya pale ilipigwa na ndege ya Kijerumani mchana, tarehe 20 Januari 1943, watoto wakiwa kwenye chakula. Walikufa watoto 38 na walimu 6. Mimi sikuambiwa nikiwa mdogo. Niliambiwa tu "tembea".

Hofu yetu wenyewe ilikuja tarehe 4 Desemba 1957. Ukungu wa London wa siku zile haukuwa ukungu wa Lushoto. Ulikuwa na moshi wa makaa ya mawe ndani yake, wa rangi ya manjano, unaingia puani na kuacha weusi kwenye leso. Sheria ya hewa safi walikwisha kuipitisha 1956, lakini kila nyumba ilikuwa bado inachoma makaa, na yetu pia. Jioni ile treni ya umeme iendayo Hayes, treni yetu, ile inayosimama Catford Bridge, ilikuwa imesimama kwenye ishara karibu na stesheni ya St Johns. Treni ya mvuke ikaja nyuma yake ndani ya ukungu na kuigonga, ikaangusha nguzo za daraja la reli lililokuwa juu yao, na daraja likawaangukia. Walikufa watu 90.

Baba alitakiwa arudi na treni za saa ile. Mama aliipasha samaki wa nazi, akaiepua, akaipasha tena. Mama wa Chini alipanda juu, jambo asilolifanya kamwe bila kuitwa, akakaa nasi bila kusema, kwa sababu lugha hawakuwa nayo ya kutosha baina yao. Baba aliingia kwa miguu usiku, koti limelowa, nyusi zimeshika masizi. Hakukaa. Alisimama akala hapohapo kwenye jiko, kutoka kwenye sufuria. Majirani wa mtaa wa pili walipoteza mtu.

Kisa hiki nilikiandika kwanza kama nilivyokikumbuka, kisha nikaenda maktaba kusoma magazeti ya siku zile. Fanya hivyo na wewe. Muulize aliye hai, soma kilichoandikwa, lakini baada ya kuandika chako. Kumbukumbu yako ije mbele, tarehe zifuate.

Mengine nitayapita haraka, kama nilivyoyapita kwenye kijitabu. Maziwa ya bure shuleni, theluthi ya painti kwa kila mtoto, yaliyoganda asubuhi za baridi hata yakasukuma kifuniko juu. Mwuza makaa aliyebeba magunia mgongoni na mimi niliyetumwa kuhesabu magunia matupu asije akatupunja. Theluji ya 1962 iliyoanguka wakati wa Krismasi na kutugandisha mpaka Machi. Hayo kila mtu wa umri wangu anayo, ukiyaandika yaandike kwa ufupi.

Linaloniuma nitalieleza kwa urefu, kwa sababu najua na ninyi mna lenu.

Nikiwa na miaka tisa mwalimu mmoja alimwita mama shuleni. Siku zile mtoto wa miaka 11 alifanya mtihani mmoja ambao uliamua aende sekondari ya wasomi au ile ya wengine, na walimu waliwachagua mapema wa kuwaandaa. Mwalimu alimwambia mama mambo mawili. La kwanza, nisitarajie. La pili, mkiendelea kusema lugha yenu nyumbani mtamharibu mtoto, acheni. Mkalimani nilikuwa mimi. Nilisimama katikati ya wanawake wawili, nikamtafsiria mama yangu kwamba maneno yake yananiharibu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwambie nimesikia, na ahsante." Nje ya geti akaniambia: "Huyo kakufundisha hesabu, mshukuru. Lakini mimi ndiye mama yako, na nitasema na wewe ninavyojua." Jioni ile alinisimulia hadithi ya sungura kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti kubwa, madirisha wazi, Desemba.

Nilifaulu ule mtihani. Miaka zaidi ya sitini imepita na bado nataka mwalimu yule ajue.

Jina lake sikuliweka kwenye kitabu na halitawekwa. Msomaji wa Muheza ameuliza hilo pia: je, niwataje walioniumiza? Taja walichokifanya, kiseme kama kilivyosemwa, nani alisimama wapi, nani alishika mkoba. Jina liache. Jina ukiliandika wajukuu watamchukia mtu mmoja tu, na lililokuwepo halikuwa la mtu mmoja.

Sasa nasema na ninyi wazazi mlioko Leicester, Minneapolis, Toronto, Muscat, mnaoniandikia mkitaka kuacha kitabu. Mnaniambia mtaandika kwa Kiingereza kwa sababu watoto hawajui Kiswahili. Na kwa nini hawajui? Nani aliwanyima? Mama yangu hakuwa na cheti hata kimoja, alikuwa mgeni kwenye nyumba ya watu, ameambiwa na msomi mwenye chaki mkononi, na hakukubali. Ninyi mna vyeti na nyumba zenu wenyewe, na mmekubali bila hata kuitwa shuleni. Hakuna anayewaita siku hizi. Mnajiita wenyewe. Semeni nao mkiwa mnapika, mkiwafunga viatu, mkiwagombeza. Mtoto akijibu kwa Kiingereza, endelea. Mimi nilijibu kwa Kiingereza mwaka mzima na mama hakutetereka. Kisha andikeni kwa Kiswahili mliyoishi kwa Kiingereza, kama nilivyofanya mimi. Catford yangu haijapungukiwa na kitu kwa kuandikwa hivyo. Mita ya gesi imo, ukungu umo, majarini imo.

Kwa dada wa Muheza: umeniambia kwenye ujumbe, kwa kupita tu, kwamba ulikuwa ukimpelekea babu yako uji kwenye shamba la mkonge na hukuruhusiwa kuvuka reli. Halafu ukasema maisha yako hayana kisa. Anza hapo, mwanangu. Uji wa nini, kwenye chombo gani, nani alikukataza, na je, ulivuka? Niandikie ukurasa mmoja, nitumie kabla ya Ramadhani. Nitausoma.