Maswali ya wasomaji: Pikapu ikiinuliwa mbele, nini huchakaa?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mkazi wa Sikonge, mkoani Tabora. Ninaendesha pikapu ya zamani ya Toyota Hilux yenye toshenibaa (nondo za springi) mbele, na kazi yake ni kukusanya asali kutoka kwa wafugaji wa nyuki walioko porini. Kabla ya mvua kuanza, fundi aliinua sehemu ya mbele kwa kukaza boliti za toshenibaa ili gari lisikwame mbugani. Sasa limesimama vizuri, lakini matairi ya mbele yanalika haraka upande wa nje, na kila nikitoka kwenye shimo nasikia mlio mkavu wa kugonga chini ya bodi. Fundi mwingine anasema kuinua mbele kunaua sivi jointi (viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele) na bol jointi (viungo vya duara vinavyolishika gurudumu), hivyo nirudishe gari lilivyokuwa. Yule wa kwanza anasema hayo ni maneno ya watu. Nimsikilize nani? — Msomaji, Sikonge.

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa si lazima urudishe kimo chote. Kinachochakaza vyuma ni pembe ambazo vyuma hivyo hulazimika kufanyia kazi baada ya gari kuinuliwa, na pembe hizo hutegemea umeinua kiasi gani.

Toshenibaa ni nondo ya chuma cha springi inayolala sambamba na chesisi na kubeba uzito wa gari kwa kujisokota. Fundi anapokaza boliti yake, chuma hakiwi kigumu zaidi, kama wengi wanavyoamini. Kinachobadilika ni kimo ambacho mikono ya gurudumu, yaani vyuma vinavyolishika, wa juu na wa chini, husimama gari likiwa limetulia. Gurudumu lina nafasi maalumu ya kupanda na kushuka, na nafasi hiyo haiongezeki kwa kukaza boliti. Ukiinua gari kwa milimita 40, umeongeza milimita 40 za kupanda, na umezipoteza milimita 40 zilezile za kushuka. Ndiyo maana gurudumu lako linapoingia shimoni, mkono hufika mwisho wa safari yake mapema na kugonga mpira wa kizuizi, nawe ukasikia huo mlio wa kugonga. Kama shokapu ni zilezile za kiwandani, nazo huvutwa karibu na mwisho wa urefu wake kila mara, na shokapu inayovutwa namna hiyo haidumu.

Tuje kwenye sivi jointi. Shafti inayotoka kwenye difu ya mbele (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili) kwenda kwenye gurudumu, gari likiwa katika kimo cha kiwandani, hukaa karibu na usawa. Ukiinua, huteremka kwa mshazari. Ndani ya jointi mna gololi zinazotembea kwenye mifereji yake kwenda na kurudi kila shafti inapozunguka, na kadiri mshazari unavyokuwa mkali ndivyo gololi zinavyosafiri zaidi, joto linavyoongezeka na kingo za mifereji zinavyobeba mzigo mkubwa. Hata hivyo, mara nyingi kinachotangulia kushindwa ni ule mpira wa buti unaofunika jointi. Mikunjo yake ya upande mmoja hubanwa na kusuguana, ya upande wa pili huvutwa, hadi mpira unapasuka. Grisi hutupwa nje, udongo mweusi wa mbugani na mchanga huingia, na jointi ambayo ingedumu miaka huanza kutoa mlio wa kutatarika unapokata kona. Nakusihi uikague mipira hiyo kila unapoosha gari chini, kwa sababu kubadilisha buti mapema ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kununua shafti.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wako wote wawili hawakulitaja. Baadhi ya Hilux za zamani zina frihabu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, yaani vifungio vya kuunganisha au kutenganisha gurudumu na shafti yake. Kama lako linazo, na unaziachia ukiwa kwenye barabara ya kawaida, shafti za mbele hazizunguki kabisa, kwa hiyo mshazari huo hauzichakazi hadi utakapozifunga ili utumie magurudumu yote manne. Kama halina, shafti huzungushwa na magurudumu muda wote gari linapotembea, hata ukiwa umetoa gia ya mbele, na hapo onyo la fundi wa pili linakuhusu kila kilomita.

Bol jointi na ncha za tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) huumia kwa sababu hiyohiyo ya pembe: kichwa cha jointi hufanya kazi karibu na ukingo wa kikombe chake badala ya katikati. Huchakaa mapema, ingawa si kwa wiki moja kama watu wanavyotishana. Bol jointi iliyolegea ni jambo la usalama, kwa kuwa ikichomoka gurudumu hulala na usukani hauna tena kazi. Inua gari kwa jeki, shika tairi juu na chini, ulitikise. Ukisikia mchezo, usisafiri.

Kuhusu matairi kulika nje, hiyo ni dalili kwamba gari liliinuliwa bila kufanyiwa alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa pembe za magurudumu. Mikono inapoteremka, gurudumu huegemea nje kwa juu, na tairodi nazo hubadili mwelekeo wa matairi. Usukani pia unaweza kuwa mzito kurudi wenyewe baada ya kona, na gari likatangatanga ukiongeza mwendo. Kila kimo kikibadilishwa, alaimenti ifanywe upya. Fundi anayeinua gari na kulikabidhi bila kukwambia hivyo hajamaliza kazi yake.

Ushauri wangu ni kwamba upunguze kimo ili ongezeko libaki kati ya milimita 25 na 40. Usipime kutoka ardhini. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa mahali tambarare, upande wa kulia na wa kushoto. Usihesabu mizunguko ya boliti, kwani nondo mbili hazilegei sawasawa. Kabla ya kugusa boliti, sehemu ya mbele iinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, maana nondo iliyobeba uzito ina nguvu ya kumjeruhi mtu. Liendeshe kidogo ndipo upime tena, halafu ukague kama kuna nafasi inayoonekana kati ya mkono wa juu na mpira wake wa kizuizi. Usisahau taa, kwani gari lililonyanyuka mbele huwapofusha wanaokuja, na ndoo za asali zikijaa nyuma ya ekseli, pua hupanda zaidi.

Lakini naomba ulitafakari pia kusudi lako. Unataka usikwame mbugani. Kwa kukaza toshenibaa umeinua difu ya mbele, kwa sababu imefungwa kwenye chesisi. Difu ya nyuma imo ndani ya ekseli nzima (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili), na hiyo haijapanda hata milimita moja. Katika njia yenye mifereji ya magurudumu, difu ya nyuma ndiyo itakayolala kwenye tuta la katikati. Kitu pekee kinachoiinua ni tairi kubwa zaidi: kutoka 225/75R16 kwenda 235/85R16, kwa mfano, ekseli hupanda kwa takriban milimita 31, mradi tairi hilo lisiguse bodi unapokata kona na rimu ziwe za kulifaa.

SWALI: Nina Land Cruiser ya mfululizo wa 79, hapa Kasulu, na nataka kubadilisha springi za mbele niweke ndefu. Je, sivi jointi zangu zitaumia vilevile? — Msomaji, Kasulu, Kigoma.

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Gari lako lina ekseli nzima mbele, na tangu 1999 ekseli hiyo hukaa juu ya springi za koili. Jointi zake zimo ndani ya ncha za ekseli na hupanda na kushuka pamoja nayo, kwa hiyo pembe yake haibadiliki. Kwako angalia mambo mengine: pembe ya propela shafti ya mbele (ile inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu), mwinamo wa ekseli unaorudisha usukani katikati, na ile fimbo ya pembeni inayoizuia ekseli isisogee, ambayo gari likipanda huivuta ekseli upande mmoja. Kabla ya kuliteremsha kutoka kwenye jeki, acha ekseli ining'inie hadi mwisho na uhakikishe kwamba hozi za breki hazijavutika.