Hesabu imo kwenye ungo wa maharage

Mama mwenzangu, umesema mwanao wa miaka 4 anashinda kwenye simu na huna hela ya vifaa vya kuchezea. Usinunue kitu. Ukichambua maharage, mkalishe pembeni ya ungo, atenge ya njano na mekundu, kisha ayahesabu kumi kumi kwenye vikombe. Wangu alikuwa akiruka saba kila siku: "tano, sita, nane!" Sikumkemea. Nilimshika kidole tukagusa punje moja moja, polepole, na wiki ya pili saba ikarudi mahali pake. Kama una mdogo wa chini ya miaka 3, punje zikae mbali naye kabisa, maana huzitia puani au zikamkaba. Yeye mpe sufuria na mwiko.

Jioni mkisubiri ugali uive, mtegee kitendawili: "Nyumba yangu haina mlango." Akisema sanduku, usimkatize, muulize kwa nini. Maelezo yake ndiyo yanayomkuza lugha. Halafu mpe yai alishike, alizungushe, autafute huo mlango.

Dakika 15 zinatosha, akichoka mwache. Na simu usimpokonye ghafla. Mwite kwanza kwenye ungo.