Kwenye JZK, mtaalamu aongee mwisho

Shule nyingi za Arusha na Moshi sasa zina jumuiya za kujifunza za walimu, JZK, chini ya mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA. Vikao vipo. Kinachopungua ni usikivu. Anaalikwa Afisa Elimu Kata, au mkufunzi kutoka Chuo cha Ualimu Marangu au Monduli, anafika na mada yake, anaimaliza, watu wanasaini mahudhurio. Mwanafunzi hakusikika hata kidogo.

Ushauri wetu: mgeni aingie darasani kwanza, azungumze baadaye.

Mpelekeeni swali moja, pamoja na andalio la somo, siku mbili tatu kabla. Mfano: kwa nini watoto wetu wa Darasa la Nne wanasema 1/4 ni kubwa kuliko 1/3? Asipopata swali mapema ataleta hotuba aliyonayo, na hapo lawama si yake peke yake.

Watazamaji wasijipange nyuma ya darasa, maana kutoka huko unamwona mwalimu na visogo tu. Kila mmoja akae pembeni ya dawati moja au mawili, na daftari lenye safu tatu: dakika, maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, swali langu. "Hawajaelewa" isiandikwe, hiyo ni hukumu. Andika: "Moja ya nne ni kubwa, kwa sababu nne inaizidi tatu." Sentensi hiyo inaonyesha mtoto anaisoma asili, yaani namba ya chini ya sehemu, kama namba nzima, hajaona kwamba vipande vikiwa vingi kila kimoja kinapungua. Kumkaririsha kanuni hakutamfikia. Akunje karatasi mbili, moja vipande vitatu sawa, nyingine vipande vinne sawa, alinganishe.

Hapo ndipo mbobezi wa somo anapohitajika kweli. Karatasi zisipolingana ukubwa, zoezi zima linaharibika. Vivyo hivyo duara mbili zilizochorwa ubaoni kwa haraka, moja kubwa moja ndogo. Mwalimu mwenzako anaweza kupitwa na jambo hilo. Anayejua jinsi watoto wanavyojifunza sehemu ataliona.

Rekodini pia dakika kumi za somo kwa simu, na aliyefundisha asikilize mwenyewe kabla ya kikao. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu walikuwa wakisubiri jibu kwa takriban sekunde 1. Wakisubiri 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yanarefuka na wengi zaidi wanajaribu. Hesabu za kwako. Na ukisikia "Tumeelewa?" ikijibiwa "Ndiyooo!" na darasa zima, jua hujapima kitu. Uliza "Umejuaje?" kisha nyamaza.

Kikao cha saa moja kinatosha. Aliyefundisha aanze, dakika kumi. Nusu saa ni ya kusoma yaliyoandikwa kwenye madaftari, walimu wadogo wakitangulia, kwa sababu mwalimu mkuu akishasema hakuna atakayempinga. Fomu za tathmini zibaki ofisini: mwalimu akihisi anakaguliwa, wiki ijayo atafundisha somo alilolifanyia mazoezi na watoto, na hamtajifunza chochote. Robo saa inayofuata ni ya mgeni. Aanzie kwenye maneno ya watoto yaliyosomwa, aeleze yanatokana na nini. Kusikiliza hakumaanishi kuficha kosa: kama maelezo ya mwalimu kuhusu asili hayakuwa sahihi, aseme wazi, kwa heshima, na aonyeshe lililo sahihi. Tunaliona hili kuwa jambo zito, kwa sababu upole unaopitisha kosa la somo unawaumiza watoto.

Dakika tano za mwisho, chagueni badiliko moja tu. Ndani ya wiki mbili aliyefundisha awaulize tena watoto watatu kati ya wale ambao maneno yao yaliandikwa, 1/5 na 1/3 safari hii, aandike majibu yao neno kwa neno, na amtumie mgeni kwa WhatsApp.