Ukumbi wa Lugha: "Fundi mwenye alikuja", saa nane ya nani, na "sawa" inayofunga mazungumzo

Safari hii tunajibu barua nne, zote kutoka Mombasa. Mbili zimetuchukua nafasi kubwa kwa sababu zinagusa makosa yanayowasumbua wengi.

Mpangaji, Kisauni: Nimemwandikia mwenye nyumba mara tatu kuhusu tangi linalofurika. Kila mara anajibu "sawa", halafu kimya. Ujumbe wangu wa mwisho ni huu: "Habari mzee natumai uko salama mimi pia mzima nilikuwa naomba tu kama inawezekana ile shida ya maji yenye nilikwambia bado iko na watu wa chini wanalalamika na fundi mwenye alikuja alisema ni boya hatujui tutafanyaje asante." Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu mpangaji, huenda mzee huyo si mkaidi. Usome ujumbe wako kwa macho yake: yuko sokoni Marikiti, jua kali, simu imelia, ana sekunde kumi. Ameambiwa afanye nini? Umeandika "nilikuwa naomba", lakini hukutaja unachokiomba. Mtu akiombwa kitu kisichotajwa hujibu "sawa", na kwake yeye habari imekwisha.

Salamu usiiondoe. Hapa kwetu ujumbe usio na salamu ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Lakini salamu iwe mstari mmoja, na papo hapo ujitambulishe, maana mwenye nyumba ana wapangaji wengi na si wote aliohifadhi nambari zao. Tena usitume "Habari mzee" peke yake ukangoja ijibiwe. Atakujibu "salama" baada ya saa mbili, wewe uko kazini, na siku itapita tangi halijatajwa.

Baada ya salamu na jina, taja shida na tangu lini. Kisha taja unachotaka na siku unayokitaka. Malizia na namna fundi atakavyokupata. Ujumbe wako ungekuwa hivi:

"Asalaam aleikum, Mzee. Ni mpangaji wa nyumba nambari 6, ghorofa ya pili. Tangi la juu linafurika kila usiku tangu Jumatatu, na maji yanaingia chumbani kwa jirani wa chini. Fundi aliyekuja juzi amesema boya limevunjika. Naomba utume fundi abadilishe boya kabla ya Ijumaa. Kesho niko nyumbani kuanzia saa kumi jioni, nitamfungulia mlango wa paa. Ahsante."

Tazama kilichobadilika. "Shida ya maji" imekuwa tangi linalofurika, kwa kuwa shida ya maji mjini hapa yaweza pia kuwa mfereji mkavu wiki nzima. "Watu wa chini wanalalamika" imekuwa maji yanaingia chumbani: malalamiko mtu huyaahirisha, lakini dari inayolowa ni mali yake inayoharibika. Na "nilikuwa naomba tu kama inawezekana" imekuwa "naomba". Neno hilo lina heshima ya kutosha. Ukilizungushia "tu" na "kama inawezekana", unamfundisha msomaji kwamba jambo lenyewe si la lazima.

Kuna kosa la pili ambalo tunaliona karibu katika kila barua tunayopokea: "fundi mwenye alikuja", "shida yenye nilikwambia". *Mwenye* ni neno la kumiliki: mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye busara. Halirejeshi kitendo. Kinachorejesha kitendo ni kile kipande kidogo kinachoingia ndani ya kitenzi: fundi aliyekuja, shida niliyokuambia, maji yanayomwagika, kiti kilichovunjika, ukuta ulioanguka. Watu hukikimbia kwa sababu kinafuata ngeli ya nomino, na asiye na hakika na ngeli hupata afueni kwa *mwenye*. Ukiona kigumu, shika *amba-* kama mkongojo: fundi ambaye alikuja, kiti ambacho kilivunjika. Sentensi itarefuka kidogo lakini itasimama.

Zoezi lake ni dakika tano kila usiku kwa wiki mbili. Chagua vitu vitano ulivyoviona siku hiyo, vya ngeli tofauti: mtu, mkoba, kikombe, nyumba, ufunguo. Kila kimoja kipe kitendo kilichopita, kinachoendelea na kijacho: kikombe kilichoanguka, kinachoanguka, kitakachoanguka. Wengi hukwama kwenye hicho cha mwisho, kwa sababu *-ta-* hugeuka kuwa *-taka-*. Vitamke kwa sauti. Ukivisoma kimya jicho litaruka kosa, lakini sikio la Mswahili haliruki.

Mzazi, Mji wa Kale: Insha ya mwanangu imerudi na wino mwekundu kwenye "mato", "ndia", "mtele" na "nalikwenda". Nyumbani tunasema hivyo, na babu zetu walisema hivyo. Je, tuache kusema Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, mbele ya watoto?

Jibu: Msiache, tunawasihi. Mwalimu hakukosea, na mwanao hakuharibu Kiswahili. Ameandika lahaja moja mahali palipotakiwa nyingine. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kimvita kilikuwa mshindani wake, tena chenye ushairi mkubwa wa karne ya 19. Kilikosa kuchaguliwa, hakikukosa ubora. Mtoto aambiwe hivyo waziwazi kabla hajafundishwa lolote, maana anayeona haya kwa lugha ya mamake huogopa kalamu kabisa.

Kisha mwonyesheni kwamba tofauti hizi zina utaratibu. Mahali pengi Kimvita kina *t*, sanifu ina *ch*: mato ni macho, mtele ni mchele, nti ni nchi, kuteka ni kucheka. Penye *nd* pengi sanifu ina *nj*: ndia ni njia, ndaa ni njaa, ndoo ni njoo, kuvunda ni kuvunja, kutinda ni kuchinja. Upande wa vitenzi, *nalikwenda* ni *nilikwenda*, na *yuwaja* ni *anakuja*.

Baadhi ya maneno haya yapo pia katika sanifu yakiwa na maana nyingine, na hapo ndipo alama hupotea. Mwanafunzi akiandika "wageni waliteka sana", msahihishaji wa Bungoma, huko bara, ataona watu wanachota maji au wanavamia mji. "Ndoo hapa" kwake ni chombo cha maji. "Mlango umevunda" kwake mlango umeoza.

Namna ya kufanya: aandike insha yake mpaka mwisho bila kujisimamisha, halafu aipitie mara moja akitafuta *t* na *nd* peke yake, na mara ya pili akitazama mianzo ya vitenzi. Asichanganye kupitia huku na kusahihisha tahajia kwa jumla, kwani atatafuta mambo mengi na kupata machache. Awe mwangalifu asigeuze kila kitu. Ndugu hubaki ndugu (njugu ni za kutafuna), ndege hubaki ndege, mti na mto havigeuki. Kwa hiyo asijifunze kanuni peke yake. Awe na daftari la maneno ya nyumbani kwenu, upande huu Kimvita, upande huu sanifu, na maneno thelathini ya kila siku yatamtosha kuanzia.

Katika maneno ya mhusika, ndani ya alama za kunukuu, lahaja ina mahali pake: bibi wa Kibokoni katika hadithi aseme kama bibi wa Kibokoni. Masimulizi ndiyo yabaki sanifu.

Na kuna faida ambayo wazazi wengi hawaijui. Karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina sehemu ya isimujamii (matumizi ya lugha katika jamii) yenye alama 10, na lahaja ni katika mada zake. Mtoto anayesikia nyumbani tofauti ya *kaa* la moto na *kaa* wa baharini, ambaye *k* yake hutoka na pumzi, ana sikio ambalo maandishi ya sanifu hayawezi kumpa. Endeleeni kuzungumza.

Fundi cherehani, Kongowea: Mteja aliniandikia, "Nakuja kuchukua buibui kesho saa 8." Nilifungua saa tatu asubuhi nikamkuta mlangoni, amekasirika, amengoja saa nzima. Nani mkosa?

Jibu: Tarakimu ndiyo mkosa. Yeye alihesabu kwa Kiingereza, ambako 8 ni saa mbili yetu, wewe ukahesabu kwa Kiswahili. Kati ya hesabu hizo mbili pana saa sita. Andika saa kwa maneno na uweke sehemu ya siku: "saa mbili asubuhi", "saa nane mchana". Mteja akiandika tarakimu tupu, mrudishie kwa maneno kabla hujalala: "Kesho saa mbili asubuhi, au saa nane mchana?"

Kwa kuwa mafundi kama wewe hushona hata nguo za harusi, ongeza hili. Wenyeji wengi wa pwani huhesabu siku kuanzia magharibi, kwa hivyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni Alhamisi jua likishatua. Mgeni kutoka bara atakuja siku ya pili yake, chakula kimeshaliwa. Kwenye kadi au ujumbe andika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", na tarehe kando yake.

Karani, Changamwe: Wakati wa chai nikikaa na wenzangu, baada ya salamu mazungumzo yananifia. Najibu kila mtu vizuri lakini hakuna anayeendelea kunisemesha.

Jibu: Dada karani, hukutuandikia unajibuje, ila tunashuku neno moja: "sawa". Mwenzako akisema, "Leo feri ya Likoni imetutoa jasho," ukamjibu "Sawa" au "Pole", umepokea mzigo na kufunga mlango. Mjibu kwa neno linalomsukuma mbele: "Ehe? Ikawaje?" "Kumbe!" "Enhe, halafu?" Katika Kiswahili msikilizaji huitikia. Anayesikiliza kimya, hata kwa moyo wote, huonekana amechoka au amenuna, na msemaji hujikatia mwenyewe.

Baada ya kuitikia, uliza jambo moja kutoka ndani ya maneno yake yaleyale. Amesema jasho: "Mlikaa ndani ya feri au foleni ilianzia barabarani?" Usirukie kwingine, wala usilete papo hapo kisa chako cha feri kilicho kikubwa kuliko chake. Chako kingoje mpaka chake kimalizike. Epuka swali linalojibika kwa ndiyo au la. "Ulikwenda harusini?" litakupa "ndiyo", lakini "Harusi ilikuwaje?" litakupa bibi harusi, biriani na waliokosa kualikwa.

Kwa mtu mzima kuliko wewe, mwamkie kwanza, mwache aulize habari za nyumbani na uzijibu zote. Salamu ndefu huwa imeshakuachia mada: ukisema mama hajambo ila mguu unamsumbua, na yeye ana goti lake la kueleza. Akianza kulieleza, weka simu chini, kioo kitazame meza.