Jibu: Mkanda wa chuma kuchomoka gurudumuni, njia ya Oregon

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini gari la maksai la familia unayoiandikia hadithi, lililo kwenye njia ya Oregon (njia ya wahamiaji waliokwenda magharibi mwa Marekani), linachomokwa na mkanda wa chuma unaozunguka gurudumu la mbao baada ya Fort Laramie, kituo cha njiani, ilhali gurudumu halijavunjika. Angalia hewa kwanza, kabla ya mzigo. Huko ni kukavu mno: mbao husinyaa, mkanda hubaki na nafasi, ukateleza. Wasafiri wa miaka ya 1840 walilaza magurudumu mtoni usiku kucha yavimbe, au wakapigilia kabari nyembamba za mti chini ya mkanda. Maji peke yake hayadumu, gurudumu likikauka linalegea tena. Dawa hasa ni kuufupisha mkanda, kuupasha moto utanuke, kuuvisha, kisha kuumwagia maji ubane. Mzigo usizidi kilo 1,000 hivi. Jozi 3 za maksai zinatosha.