Mpwa wangu, zile pauni 212

Mpwa wangu, maswali yako mawili nimeyasoma nikitoka kazini huku Southampton, Uingereza. La kwanza, kama ni kweli natoboa kwa poka ya mtandaoni, ile kamari ya karata, na kama naweza kukutumia laki mbili nawe uanze, maana mikeka ya mpira imekuchosha. La pili, mtu mwenye hela zake anatafuta nini kila Jumamosi chini ya basi bovu, ovaroli limejaa grisi kama utingo wa stendi ya Moshi. Najua mama yako na shangazi zako nao wanasubiri, basi najibia humu humu kwenye kundi la ukoo.

Kosa ni langu. Ile picha ya ushindi wa pauni 212 niliituma mwenyewe, usiku wa manane, kwa furaha. Za Jumapili nyingine sikuzituma. Sasa nakufungulia daftari: mwaka jana nilicheza Jumapili 48, kila moja pauni 11. Kumi zinaingia kwenye zawadi, moja ni ya wenye mtandao, nishinde nisishinde. Jumla 528. Nilichovuna, pamoja na hizo 212, ni 391. Hasara pauni 137, na mimi sichezi kijinga.

Mchezo wenyewe uko hivi. Saa moja jioni ya huku, kwenu saa nne usiku, tunaanza watu mia kadhaa, kila mmoja na chipu sawa, yaani vidude vya kuwekea dau. Unapewa karata mbili za siri, tano zinawekwa wazi kwa wote, kila mtu anaunda tano zake bora. Chipu si hela. Huwezi kunyanyuka katikati ukaondoka nazo. Lazima wengi watolewe kwanza, ndipo wachache waliobaki walipwe, na hela ya maana ni ya wale wa juu kabisa. Halafu dau la lazima linapanda kila baada ya dakika chache, kwa hiyo ukijikunyata kungoja karata nzuri, utaishia kungoja huku chipu zinayeyuka. Ree mbili, zile A, ndiyo mwanzo mzuri kuliko yote. Kwa wastani huja mara moja katika migao 221.

Jumapili iliyopita zikanijia, ya kopa na ya shupaza. Jamaa mmoja wa Brazil akasukuma chipu zote, nami nikasukuma zangu zote. Akafunua K mbili. Hapo nashinda mara nne katika tano. Karata nne za mezani zikapita salama. Ya tano, K. K zake tatu zikazipiga ree zangu mbili, nikatolewa. Ilikuwa saa tano na nusu usiku, ugali umeshakauka kwenye sahani, na saa moja asubuhi nilitakiwa kuwa kazini namwogesha mzee wa watu.

Utaniuliza, sasa kwa nini nacheza. Jumapili usiku chumba changu kinakuwa kimya mpaka nasikia friji ikipumua. Kwa pauni 11 nakaa na watu mezani saa nne, tano. Wengine huku hutumia zaidi ya hapo baa. Lakini usiiite kazi. Umenitajia yule Mmarekani, Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingia mashindano ya dunia ya poka kupitia mtandaoni kwa hela kidogo, akaondoka na dola milioni 2.5 mwaka 2003. Kweli kabisa. Walikuwa wachezaji 839. Hao 838 hukuwataja. Hiyo laki mbili siitumi.

Tena kuna jambo baba yangu hakupenda lisemwe, ila sasa hayupo. Nikiwa na miaka saba alinipeleka Dar. Pale stendi, kabla hatujakata tiketi, wacheza karata tatu wakamwita. Nilimwona akiinama, akinyoosha kidole kwenye karata ya katikati, kwa uhakika wote. Nauli yetu wote wawili ikaishia hapo. Konda wa basi moja la Leyland alikuwa mtu wa Kibosho, akatuonea huruma. Baba akasimama, mimi nikakalishwa juu ya kifuniko cha injini, pembeni ya dereva, na kanga imekunjwa mara nne chini yangu na bado naungua. Gia ndefu kama mwichi. Dereva anakanyaga klachi, anaachia, anakanyaga tena, ndipo inaingia. Korogwe tuliposhuka kuchimba dawa, miguu ilikuwa bado inatetemeka.

Sasa ndiyo ujue hayo mabasi. Tuko wanne, wenzangu watatu wastaafu, tunafufua Routemaster, basi la ghorofa la London. Yalitengenezwa 2,876, la mwisho 1968, na yaliacha safari za kawaida Desemba 2005. Pa kupandia nyuma hapana mlango, ni jukwaa wazi, na konda anasimama pale kama konda wa kifodi, daladala ya Arusha. Letu lina injini ya Leyland. Halina pedali ya klachi, jambo lililoniudhi kidogo, lakini siku ya kwanza lilipowaka nilitoka nje, nikasema moshi umeniingia machoni.

Na kengele! Moja, simama. Mbili, twende. Tatu, tumejaa. Niliwaambia wale wastaafu wangu kuwa kwetu konda anapiga bodi kwa kiganja mara mbili na dereva anaelewa, wakacheka sana. Halafu kifodi chenyewe jina lake ni Ford, na Ford Transit zilikuwa zinaundwa Southampton, mji huu huu ninaoishi, mpaka kiwanda kikafungwa 2013. Nilikuja mbali kote huku kumbe nafuata daladala.

Nawe nina ombi. Kule kihambani kwa babu yako mdogo kuna bodi la basi la zamani lililogeuzwa banda la kuku. Nadhani mbele bado lina kibati cha namba za chesi, ile fremu ya chini ya basi. Kisugue kwa mafuta ya taa, taratibu, namba zisifutike, unipigie picha. Na uangalie kama usukani bado upo.